Okestra ya mzee mmoja

Saa mbili asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, mzee mmoja ameutumbukiza mkono wake wa kushoto kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Anakunja vidole, anavikunjua. Kidole cha mwisho kinagoma.

"Huyu bwana mdogo mvivu," anasema, akikikodolea macho. "Lakini nashukuru yupo."

Katika shule hii ya muziki wanamwita Okestra, na jina limemkaa. Wanafunzi wa fidla hujifunza koncheto, ule utunzi mrefu ambao mpiga fidla mmoja hutangulia na okestra nzima humjibu. Hapa okestra hakuna. Kuna mzee huyu na kinanda cheusi ambacho mguu wake mmoja umewekewa kibao. Noti za watu hamsini zimebanwa kwenye karatasi zake, naye anazipiga peke yake.

Kazi hiyo ameifanya zaidi ya miaka ishirini, na kubwa analojali ni kwamba mwanafunzi akipotea asiachwe. "Mtu akishikwa na woga anaruka mistari," anaeleza. "Mimi naruka naye. Watu wanapiga makofi, hawana habari!"

Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Kwa miezi mingi hakugusa kinanda, nyumba ikaendeshwa na cherehani ya mkewe. Aliporudi, mkuu wa shule hakumficha: angesindikiza onyesho moja kwanza, ndipo ijulikane kama kazi bado ni yake.

Aliyepiga fidla siku hiyo alikuwa mkunga wa makamo, aliyeanza kujifunza ukubwani. Mke wa Okestra alikaa kando ya kinanda kumfungulia mumewe kurasa. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Katikati ya sehemu ya pili, mkono wa kushoto ukafa ganzi na kinanda kikanyamaza.

"Niliona jasho linamtoka," anakumbuka mkewe. "Nikasema moyoni, haya, riziki yetu ndiyo hiyo inaondoka."

Mkunga hakugeuka. Aliurudia mstari aliotoka kuupiga, taratibu, kisha akaurudia tena, kana kwamba ndivyo mtunzi alivyoandika. Okestra akavuta pumzi, akaingia. Wakafika mwisho wa sehemu hiyo pamoja. Ya tatu, yenye mwendo wa mbio, walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kuiacha.

"Nusura nilie palepale," anasema. "Miaka yote nawabeba wao, siku hiyo nikabebwa mimi. Namshukuru sana. Na huyu mama watoto pia, hofu imemjaa lakini ukurasa anafungua!"

Mkuu wa shule alikuwa kiti cha mbele. "Nilisikia kila kitu," anasema akicheka. "Sasa mtu anayesubiriwa hivyo na wanafunzi wake, mimi ni nani nimfukuze?"

Mkunga mwenyewe haoni alichofanya cha ajabu. "Kazini kwangu kusubiri ndiyo shughuli yenyewe," anasema. "Mambo mengine hayaharakishwi."

Sasa Okestra ana mpango mmoja: mwisho wa mwaka yeye na mkunga wapige koncheto nzima, pamoja na ile sehemu ya tatu. Kwa penseli ameshapunguza noti za mkono wa kushoto, na kila asubuhi anazifanyia mazoezi.

Mlango unafunguliwa. Mkunga anaingia, anatoa fidla yake kwenye kasha.

"Shikamoo, mwalimu. Tuanze?"

"Marahaba. Nipe dakika, bwana mdogo hajaamka."

"Nipo," anasema mkunga, akikaza upinde wake.