Mama Mikono Mbele ya Kioo Kitupu

Mama Mikono alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, lakini jina hilo hakulipata kwa sababu ya cherehani. Alilipata kwa mwanawe. Kijana alizaliwa kiziwi, na mama mtu, badala ya kukaa kulia, alijifunza kusema kwa mikono pamoja naye, neno baada ya neno, hata ikawa wakigombana ndani jirani hasikii kitu ila viti vinavyosukumwa. Wanawake wenzake walimtania: "Huyu akikusengenya huna pa kumshtaki. Shahidi atasema alisikia nini?" Naye alicheka. Mungu hamnyimi mja vyote.

Kijana alikua, akawa seremala katika kiwanda cha samani, mji wa mbali. Wiki ile msumeno wa umeme ulimruka, ukamla mkono wa kulia. Vidole viwili viliharibika, kile cha mwisho na jirani yake, na usaha ukaanza kupanda. Daktari alitaka kuvikata asubuhi hiyo, kabla kiganja chote hakijaoza. Kijana akakataa. Walimwandikia kwenye karatasi mpaka wakachoka, na jibu lake likabaki moja: hakatwi mtu mpaka amwone mama yake. Kwa anayesema kwa mikono, kidole ni kipande cha ulimi. Aliogopa kuamka akiwa hana maneno.

Muuguzi mmoja mwenye huruma ndiye aliyetafuta njia. Alimpigia mama mtu simu akamwambia, "Mama, saa tatu nitampa kompyuta ndogo ya wodini, muonane kama mnavyoonana siku zote. Lakini usichelewe. Daktari ana wagonjwa wengine, na ule mkono hausubiri."

Kuonana kwao siku zote kulikuwa dukani kwa Bi Waya. Bi Waya alikuwa na chumba kimoja chenye kompyuta nne, mashine ya kuchapia iliyokohoa kama mzee, na feni iliyozunguka ilipopenda. Wateja wake wengi hawakuwa watu wa kompyuta. Ukiwaeleza leo, kesho wamesahau. Basi alibuni njia yake: alichukua rangi ya kucha akatia matone juu ya kioo cha kila kompyuta, mahali penyewe pa kubonyeza. Tone jekundu, ukurasa wa Mama Mikono wa kuongea kwa kamera. Tone jeupe, barua pepe za Mwalimu. Mteja hakuhitaji kusoma wala kukumbuka. Alipeleka mshale kwenye rangi yake, akabonyeza, mambo yakaenda. Wengi hawakujua kabisa kilichoandikwa chini ya tone.

Asubuhi hiyo Mama Mikono aliingia na dua mdomoni, akakuta duka limechafuka kwa maneno.

Kivinjari, ile programu inayofungulia mtandao, kilikuwa kimejigeuza chenyewe. Vitufe vya juu havipo. Ile safu ya majina ya kurasa haipo. Hata mstari wa kuandikia anwani umejificha. Kioo kimebaki cheupe, na katikati kimstari kimoja, basi.

"Wameng'oa mpaka milango," alisema Mwalimu, mzee mstaafu aliyekuja kila siku kusoma barua za wanawe. "Mimi nimelala na nyumba, nimeamka na kiwanja."

"Mwalimu, hiyo ndiyo mpya," alijibu Mpiga Picha, mwenye studio ya mlango wa pili. "Mimi nimeipenda. Imetulia. Macho yanapumzika."

"Yanapumzika kwa sababu hakuna cha kuona."

"Utazoea tu, mzee wangu."

"Hata jela watu huzoea."

Bi Waya alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya kuchapia, akivuta karatasi iliyokwama. Alisema bila kuinua kichwa, "Dada, kaa hapo kwenye yako, nakuja sasa hivi." Lakini saa ya ukutani ilikuwa inagonga tatu, na mama mwenye mtoto kitandani hajui "sasa hivi" ya mtu mwingine. Aliketi. Aliliona tone lake jekundu palepale, kama siku zote. Akapeleka mshale, akabonyeza.

Kila kitu kikapotea.

Tone halikuwa limehama. Kilichohama ni vilivyokuwa chini yake, na sasa chini ya rangi nyekundu palikuwa na kitufe cha kufunga, kisichoonekana mpaka mshale ukiguse. Akadhani amebonyeza vibaya. Akafungua tena kama alivyofundishwa, akabonyeza tena kwenye tone, kwa uangalifu zaidi. Kikafungwa tena. Akajaribu mara ya tatu, na bado aliamini kosa ni lake, kwa sababu tone lile halijawahi kumdanganya.

"Bi Waya," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo mdogo wangu. Nimeharibu."

Bi Waya aliona kioo, akaona tone, akashika mdomo. "Hujaharibu kitu, dada. Ni mimi na rangi zangu." Akavuta kiti, akaiandika anwani herufi kwa herufi kwenye kile kimstari cha katikati. Duara likazunguka, likazunguka. Kisha kijana akatokea.

Alikuwa ameegemezwa mto, bandeji nene mkono wa kulia, midomo mikavu. Nyuma yake alisimama muuguzi. Mama Mikono aliinua mikono yote miwili akasema, nipo mwanangu, nipo hapa.

 Macho ya kijana yalikuwa yanatafuta, yakienda kushoto na kulia. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akasema polepole: mama, mbona giza?

"Hakuoni," alisema Bi Waya. "Wewe unamwona, yeye hakuoni. Kamera imefungwa. Zamani kilikuwa kinashuka kijisanduku hapa, kinauliza uruhusu au usiruhusu. Sasa sikioni."

"Na sauti?" Mwalimu aliuliza. "Angalau huyo nesi atusikie."

"Nayo imefungwa."

Hapo duka lote likajaa mgongoni mwa Mama Mikono. Huyu anasema bonyeza kulia, yule anasema zima uwashe. Mwalimu akamgeukia Mpiga Picha. "Wewe si ndiye shabiki? Tuonyeshe basi kamera iko wapi."

Mpiga Picha aliinama, akatazama ule weupe mtupu uliomzunguka kijana, akajikuna shingo. "Sijafika huko," alisema, na safari hii hakuwa na utani.

"Mwandikieni," mwingine alisema, na Bi Waya akaandika upesi: Mama yupo, anakuona, kamera inasumbua. Kijana aliyasoma. Akatikisa kichwa. Akasema kwa mkono mmoja, na Mama Mikono akawatafsiria: "Anasema karatasi zimemchosha. Anasema kuandika anaandika yeyote. Anataka mikono yangu."

Mlango wa wodi ukafunguka nyuma ya kijana, akaingia daktari. Hawakusikia anachosema, ila walimwona akionyesha saa yake. Muuguzi akaweka kiganja juu ya kompyuta, tayari kuifunika. Kijana akaushika ukingo kwa mkono wa kushoto, hakuachia.

Mama Mikono alijikuta ameacha kusema kwa mikono. Kulikuwa na faida gani? Alimwomba Mola kimoyomoyo, si maneno mengi, alisema tu, unaona. Kisha akawageukia wale waliomzunguka. "Jamani, nyamazeni kidogo. Bi Waya, usikimbie. Pitisha mshale pembeni mwote, taratibu, kama unapapasa sindano iliyoangukia mkekani."

Wakanyamaza. Bi Waya akaupeleka mshale kona ya chini, akapanda nao, akafika juu. Alipougusa ukingo wa juu kabisa, ule mstari uliojificha ukateremka. Ulikuwa mtupu nao.

"Hapo mwisho," alisema Mwalimu, pua yake karibu na kioo. "Pana kitu. Kama kinyesi cha nzi."

"Wapi?"

"Rudi. Rudi kidogo. Hapo."

Ilikuwa alama ya kijivu, hafifu, mtu angeweza kuifuta kwa kitambaa akidhani ni vumbi. Bi Waya akaibonyeza. Kijisanduku kikafunguka: kamera imezuiwa. Akabonyeza ruhusu.

Uso wa kijana ulibadilika kabla hajasogeza mkono. Muuguzi aliondoa kiganja.

Mama, alisema.

Nipo. Nilikuwa nakuona muda wote.

Wanataka kuvikata. Akavionyesha kwenye mkono wa kushoto, cha mwisho na jirani yake. Nikibaki na vitatu nitasemaje? Wewe utanielewa?

 Dukani hakuna aliyeelewa maneno, lakini kila mtu alielewa vile vidole viwili. Daktari alikuwa bado amesimama mlangoni.

Mama Mikono hakumwambia usiogope. Aliinua mkono wake wa kulia, akavikunja vidole viwili vya mwisho mpaka vikazama kiganjani, akasema kwa vile vitatu vilivyobaki. Alisema taratibu, kwa shida, maneno mengine yakimponyoka nusu: kumbuka mbuzi wa jirani alivyoingia ndani akala sare ya mtoto wa mwalimu mkuu. Ukacheka mpaka ukaanguka. Nikakuchapa. Halafu na mimi nikacheka.

Kijana alitazama, paji limekunjamana, kama mtu anayesikiliza kwa mbali. Halafu mabega yakaanza kumtikisika.

Mama, alisema, una kigugumizi.

Lakini umenielewa.

 Kijana aliuangalia mkono wake wa bandeji, akauangalia tena ule wa mama yake. Alisema: hukunichapa. Ulijaribu, nikakimbia.

Basi uongo wangu nao umeusikia, alisema mama, vidole vikiwa bado vimekunjwa. Nenda mwanangu. Utakavyosema ndivyo nitakavyosema na mimi.

Kijana aligeuza kichwa akamtazama daktari, akakubali. Muuguzi akakipungia mkono kile chumba asichokijua, akaikunja kompyuta.

Bi Waya alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Dada, nikuletee maji?"

Mama Mikono alimjibu kwa mkono, kwa vidole vitatu, akasahau kabisa kwamba huyu anasikia.