Siku mtoto wa fisi maji alipotoswa majini Budondo

Saa moja asubuhi, Gorreti Akello ameshika waya wa uzio kwa mikono miwili. Mbele yake, fisi maji jike aitwaye Nyabo anatoka pangoni akiwa amemng'ata mwanawe shingoni. Anamburuta hadi ukingoni mwa bwawa. Mtoto analia kwa sauti nyembamba na kukaza miguu yote minne. Mama hajali. Anamtosa.

"Kama atakufa, ni leo tu," Gorreti ananong'ona.

Mgeni angedhani mama amemchoka mwanawe. Kumbe ndiyo shule yao. Fisi maji hazaliwi akijua kuogelea, na maji huyaogopa. Mama humzamisha, humwinua, humzamisha tena mpaka azoee.

Hapa ni kituo kidogo cha kutunza wanyama, Budondo, nje ya mji wa Jinja. Gorreti, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hutoka Nalufenya kila siku kuja kuwalisha fisi maji na kuwasafishia. Baba yake alikuwa askari jela kutoka kaskazini. Kiswahili alikulia nacho kambini, na kutoa amri pia, ndiyo maana wenzake humwita afande.

Hofu yake ina sababu. Mwaka jana Nyabo alizaa watoto wawili, na bwawa la wakati ule lilikuwa na kuta zilizosimama wima. Watoto waliogelea, wakachoka, wakakosa pa kutokea.

"Niliwatoa na ndoo," anasema.

Watu huiona kazi hii mchezo tu, eti mtu analipwa kucheza na wanyama. Waje waibebe ile ndoo.

Baada ya msiba huo aliusumbua uongozi mpaka ukakubali kubomoa upande mmoja wa bwawa na kuweka mteremko wa mawe ya kukwaruza, mchanga mkavu wa kukaushia manyoya na matete ya kujifichia. Fundi Mafabi alitoka Mbale na lori la mawe ya Mlima Elgon. Kazi ilikwenda vizuri, hadi Gorreti alipokwenda mazishini kwao.

Aliporudi, nusu ya mteremko ilikuwa inang'aa. Mafabi aliona aibu kuacha kazi yake na mikwaruzo. Alianza kuipiga niru, ile saruji laini ya sakafu za sebuleni, tena kwa gharama yake mwenyewe, kama zawadi.

"Nilimwambia, fundi, hii si nyumba ya bibi harusi! Mtoto ya Nyabo atateleza hapa!" Gorreti anakumbuka.

Kabla hawajaichimbua kwa patasi, Nyabo akazaa. Fisi maji aliyeshtuka anaweza kumtelekeza mwanawe, hata kumuua. Daktari Roselyn, anayewatibu wanyama wa kituo hicho, alipiga simu kutoka Mbale na kukataza kelele zote. Asiingie mtu ndani ya uzio, alisema, mpaka mtoto ajue kuogelea.

Leo Mafabi naye amekuja. Amesimama kando ya Gorreti, koti lake la kazi limefungwa vifungo vyote.

Nyabo anamwachia mtoto. Mtoto anapigapiga maji na kuelekea ukingoni, lakini kwa upande ule unaong'aa. Anapanda, anateleza. Anapanda tena, anateleza. Kichwa kinazama, kinaibuka, kinazama.

"Naingia," Gorreti anasema. Mkono uko kwenye komeo.

"Afande, daktari alisema hapana!"

"Daktari hayuko hapa!"

Lakini haingii. Mkono unabaki juu ya komeo, na machozi yanamtoka.

Mafabi anavua koti, anainama juu ya uzio na kulitupa. Linatanda juu ya niru, mkono mmoja ukiwa majini. Nyabo anashtuka, anazama, haonekani tena. Mtoto amebaki peke yake.

Kisha kucha ndogo zinashika kitambaa. Mtoto anajikokota, anafika juu, anatapika maji, anajilaza juu ya koti la fundi.

Nyabo anaibuka. Anamnusa mwanawe, ananusa na koti, halafu anafungua kinywa na kumng'ata shingoni. Gorreti anafumba macho. Anapofumbua, mama amembeba hadi kwenye mchanga mkavu, anamsugua manyoya.

Mafabi anaketi kwenye nyasi. "Nisamehe, afande. Ile niru yote nitaitoa mimi mwenyewe."

"Utaitoa. Lakini kwanza wacha akue."

Nyabo hawezi kurudi mtoni, kwa sababu wavu wa wavuvi ulimkata mguu mmoja wa nyuma. Mwanawe anaweza. Mpango wa Gorreti ni kumzoesha kuwinda samaki hai humu bwawani, kisha amfungulie kwenye Mto Nile na asimwite tena.

Alipoulizwa kama ataweza kweli kumwacha aende, alicheka huku akipangusa pua kwa kiganja.

"Nitalia sana," alisema. "Mimi nilie. Yeye aende."