Jiko Lililoandikwa Sifuri

Hadi leo nikikumbuka, damu hunichemka. Mwaka 1990, karakana nilikokuwa mhasibu pale Kigali ilinunua hataza, yaani haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza, ya jiko la makaa kutoka kwa fundi bati mmoja wa mtaa wa Rwezamenyo. Alilipwa kidogo mkononi, akaahidiwa fungu la thamani ya hataza siku karakana itakapouzwa. Bosi akaniamuru bei ile niigawe kwa miaka mitatu. Nikaikata theluthi kila mwaka hadi daftarini ikabaki sifuri, maana ndivyo gharama ya mali isiyoshikika inavyogawanywa vitabuni.

Mwaka 1993 mnunuzi akapatikana, na fundi akaja kudai fungu lake. Bosi akamgeuzia daftari langu.

"Mzee, kitu yako iko sifuri. Ona."

Sifuri! Na uani majiko yale yale yalikuwa yanapakiwa kwenye lori! Sikuweza kunyamaza.

"Bosi, iliyokwisha ni gharama, si thamani ya jiko. Kama ni sifuri kweli, mrudishie mzee hataza yake aende nayo nyumbani."

Bosi alikichukua cheti cha hataza mezani, akakifungia kwenye kasha la chuma, na ufunguo akautia mfukoni.