Mkono Walioahidiwa Mbwa

"Siku mkono huu ukikosea, ukateni muwape mbwa."

Danstan alisema hivyo kwenye kipaza sauti, Krismasi ya mwaka 1986, mbele ya ukumbi uliofurika pale Kasulo, akiwa ndani ya suruali pana ambayo kila mguu ungeficha mbuzi. Alikuwa mpiga gita la solo wa Maporomoko Jazz, bendi iliyochezesha Ngara na Biharamulo zote, na alikuwa na miaka thelathini na moja, umri ambao mtu huongea kana kwamba mwili wake umetengenezwa kwa chuma cha reli.

Shida ya watu wa kwao ni kwamba hawasahau. Hata leo, akikatiza sokoni na miaka yake sabini, hakosi wa kumuuliza kama mbwa wameshakula. Zamani alikuwa anacheka. Tangu Aprili hacheki.

Aprili alitoa hindi kwenye makaa, akakaa nalo mkononi akipiga soga, mpaka akasikia harufu ya nyama. Akamuuliza mkewe, Marsiana, anakaanga nini. Marsiana hakuwa anakaanga kitu. Vilivyokuwa vinaungua ni vidole vya Danstan mwenyewe, viwili vya mkono wa kushoto, na havikumuuma hata chembe.

Marsiana alimpaka asali na kumwambia akapime. Akajibu kwamba hizo ni sugu za gita. Lakini dada yake Danstan, Evarista, alianza hivyohivyo, kwa kidole cha mguu kisichojua moto. Sukari, wakasema wenye vipimo. Siku hizi Evarista anashinda barazani, blanketi limemfunika mapajani, na upande mmoja wa blanketi hilo umelala bapa hadi chini. Danstan aliliona blanketi kila Jumapili. Kwa hiyo hakwenda kupima. Alijiambia kwamba maadamu hajapima, anachoumwa ni wasiwasi tu.

Juni ndipo yakaja ya kurekodi. Bendi ya watu kumi na mmoja ilikuwa imebaki na watatu: yeye, Celestini, mpiga besi ambaye pia ndiye mwimbaji, na Niyonzima, mpiga saksafoni, aliyeingia kutoka Burundi akiwa kijana na hadi leo analima maharage Kasulo. Binti yake Niyonzima, Clarisse, ni wakala wa forodha Rusumo. Ndiye aliyejitolea kulipia studio ya Biharamulo mjini kwa siku mbili, ili zile nyimbo nane ambazo kila harusi ya wakati ule ilizicheza zihifadhiwe. "Kabla hamjapungua tena," alisema, kwa upole ule ule anaowaambia madereva kwamba mzigo wao umekwama.

Kwenye mazoezi Danstan aligundua kwamba nyuzi zilizokazwa sawasawa zinamshinda. Vidole vyake viwili havikujua vimegusa uzi au vimegusa hewa. Akazilegeza zote, gita likashuka nusu noti, nyuzi zikawa laini. Wenzake walipouliza, alisema anamwonea huruma Celestini, maana sauti yake imezeeka na haifiki tena kule juu.

Celestini aliamini. Wiki tatu alikunywa tangawizi asubuhi na jioni, na akaacha kuitikia salamu za mbali ili asiichoshe sauti. Niyonzima alinung'unika, kwa sababu saksafoni haina nyuzi za kulegeza. Ilimbidi ajifunze upya, kwa vidole vingine, nyimbo alizozipiga miaka arobaini. Danstan aliyaona yote hayo akanyamaza. Aliogopa kuliko alivyoona aibu.

Studio ilikuwa nyuma ya duka la simu, kuta zimebandikwa trei za mayai kuanzia chini hadi dari. Mlangoni alilala mbwa wa kahawia. Danstan alimzunguka kwa mbali, mkono wa kushoto mfukoni.

"Shikamooni wazee," akasema William, mwenye studio, kijana wa kofia. Alitaka arekodi mmoja mmoja, kisha aunganishe. Danstan ndiye aliyekataa wa kwanza. Alisema wao ni watu wa zamani, hupiga wote kwa pamoja, na mmoja akikosea wote wanaanza upya. Maneno ya heshima hayo. Ukweli ni kwamba aliogopa kusikika peke yake.

Basi William akalipima gita kwa simu yake na kusema limeshuka nusu noti.

"Ni kwa ajili ya sauti yangu," akasema Celestini, akitazama sakafu.

Niyonzima alimwomba aimbe ubeti mmoja pale pale juu pa zamani. Celestini akafumba macho, akapanda. Sauti ikafika juu ikakaa, haikutetemeka. Alipofumbua macho hakumtazama Niyonzima. Alimtazama Danstan.

"Wiki tatu nimekunywa tangawizi, Dani."

Danstan aliinama akakaza nyuzi, moja baada ya nyingine, na kila uzi uliolia alihisi unamfunga yeye shingoni. William akahesabu. Wakaanza.

Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Solo ilipofika, Danstan alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya jukwaani: aliangalia vidole vyake. Ilibidi aviangalie ili ajue viko wapi. Akabonyeza kwa nguvu zote, na bado ilikuwa kama anabonyeza kwa vidole vya mtu mwingine. Noti ya tano ikakosea, na ya sita. Kisha saksafoni ikaingia bila kuitwa, ikaichukua solo mikononi mwa Danstan na kuipeleka hadi mwisho.

Niyonzima aliweka saksafoni chini, akamshika mkono wa kushoto, akaugeuza. Uzi ulikuwa umepasua vidole viwili, na damu ilikuwa imetiririka kwenye shingo ya gita. Danstan ndipo alipoiona.

"Inauma?"

"Hata kidogo."

"Hicho ndicho ninachokiogopa," akasema Niyonzima. "Ingekuwa inauma, ningekutukana."

Walimtoa nje vilevile, Niyonzima ameuinua mkono ule juu kama mwamuzi anayemtangaza bondia aliyeshinda, Celestini nyuma amebeba magita mawili na hasira zake. Mbwa aliinua kichwa. Danstan akafumba macho mpaka walipompita.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nesi wa dirishani, Agripina, aliandika jina na umri.

"Ikionekana mbaya," Danstan akauliza, "mnakata hapa hapa?"

"Hapa tunatoboa kidole tu, babu. Chagua kipi."

Akaviweka vyote kumi juu ya ubao wa dirisha, akavitazama, asijue vingapi bado ni vyake. Mbele yake, kwenye kioo, palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene. Kupima sukari, shilingi elfu tatu.