Gari Isiyo na Shida ya Motere

Msinicheke kabla sijamaliza, nitawapa nafasi. Nilitaka gari isiyo na paa kwa arusi yangu, ili Kasongo nzima imuone bibi arusi akipita. Jirani yetu mjane, Mama Zainabu, alikuwa na mbili kuukuu alizoachiwa na mume wake. Ya kwanza rangi ilikuwa imebabuka, na nilipoiwasha motere yake ilikohoa na kutoa moshi mweusi. Ya pili ilikuwa nyekundu, inang'aa kama sahani ya Idi.

"Na hii nyekundu, mama?"

"Hiyo haina shida ya motere hata kidogo, baba. Ila..."

Sikungoja hiyo ila. Nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye usukani. Kwetu gari kuwashwa kwa kusukumwa si ajabu, basi vijana wakanisukuma, nikateremka mlima kuelekea sokoni, nikipunga mkono kama gavana. Njiani nikamkuta mama mkwe na beseni lake la mihogo. Nikafunga breki, nikampandisha nyuma, tukaendelea kuteremka.

"Sikia, mama, motere inavyonyamaza."

Tulipofika sokoni, penye tambarare, gari ikasimama. Nikasema inapumzika. Muuza nyama mmoja akafungua kifuniko cha mbele, akacheka mpaka akakaa chini. Mle ndani hamkuwa na motere. Mlikuwa na kuku juu ya majani makavu, ananitazama kwa hasira.

Mama mkwe akashuka polepole, akachungulia.

"Mukwe," akasema, "motere yako iko inalalia mayai."