Siku Nilipombeba Mama Mkwe Kutoka Ghorofa ya Chini

Jambo hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu mkisubiri wengine wawasimulie watatia chumvi, na halihitaji chumvi. Mtaani kwetu Nyegezi mpaka leo kuna watu nikipita wananyamaza, wanasubiri nifike mbali kidogo, halafu nasikia kicheko, na siwezi kuwalaumu maana ningekuwa wao ningecheka zaidi.

Kiwanja changu ni chembamba, kushoto jirani, kulia jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe (watu wa Mwanza mnajua, jiwe la namna ile halihami, unahama wewe). Kwenda juu msingi haukuruhusu. Basi siku moja nikaona kwenye simu nyumba za watu huko ng'ambo, zinashuka chini ya ardhi ghorofa moja, mbili, tatu, nikasema kumbe dawa ndiyo hii, nikaanza kuchimba. Majirani wakasema natafuta dhahabu, wengine wakasema ni rupia za Wajerumani, na mimi nikawaacha waseme kwa sababu kusemwa kule kulinipa ukubwa fulani. Nikamaliza ghorofa mbili za kwenda chini: ya kwanza stoo ya spea zangu za pikipiki, ya pili chumba cha kulala chenye vigae, kitanda na taa nzuri, na ngazi yake ya peke yake kutoka uani.

Chumba kile nilimkusudia mama mkwe. Mke wangu Akinyi ni Mjaluo wa Rorya, na kwao mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, hampi mkono, wala hamtazami usoni. Miaka yote ya ndoa yetu mama yule nilimsalimia nikiwa nyuma ya mlango, shikamoo mama, marahaba baba, basi. Sasa akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili, hospitali ya hapa mjini wakampangia upasuaji Jumatatu na baada ya hapo awe anarudi kliniki, na hakuwa na pa kufikia isipokuwa kwangu. Akasema bora apofuke. Akinyi akawa analia hata akiwa anasonga ugali. Ndipo nikatoa hoja yangu, ambayo niliiona ya kisomi kabisa: mama hatalala chini ya paa langu, atalala chini ya sakafu yangu, paa lake ni zege, mlango wake, ngazi yake. Mjomba Ochieng, kaka yake mama na mlinzi wa mila za ukoo ule, aliniuliza mara mbili kwenye simu kama kweli ngazi ni ya peke yake, halafu akasema, "Haya. Lakini usimsogelee."

Wakaja wote wawili, mama na Mjomba. Jumamosi nikaalika wanajumuiya wa kanisani waje tumwombee mgonjwa (nisiwadanganye, nilitaka waone ghorofa zangu). Na hapo ndipo kosa lenyewe lilipofanyika, kosa dogo tu. Ukutani kule chini palikuwa panatoka maji kidogo, nami nilikuwa nimeweka pampu ya kuyavuta, inanguruma mchana na usiku kama mashine ya kusaga. Nikawaza, wageni wakiisikia watauliza ni ya nini, na mimi nimeshawatambia kwamba chumba kile ni kikavu kuliko vyumba vyao. Nikaichomoa. Nikajiambia ibada ikiisha nairudisha, wala sikujali kwamba mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Wageni wakashuka, wakashangaa, wakapapasa kuta, mimi kifua mbele. Tukarudi sebuleni kusali, mama akabaki kitandani kwake kwa sababu hakutakiwa kukaa chumba kimoja na mimi. Tulikuwa katikati ya wimbo Akinyi alipoingia kutoka uani, uso umembadilika, akaniambia, "Baba Pendo, chumbani kwa mama kuna maji."

Nilitoka mbio kabla hajamaliza, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyejua habari za pampu. Nikashuka ngazi ile (nyembamba, ya mtu mmoja, nilibana nafasi), na akina mama wa jumuiya wakanifuata nyuma, wakajaa ngazi nzima. Nilipofika kipandio cha mwisho nikaona maji yamefika nusu ya miguu ya kitanda, ndala zinaelea, na waya wa ekstensheni unatambaa kuelekea mle mle. Mama amekunja miguu kitandani, anapapasa hewani, anatafuta pa kushukia. Niliogopa sana, nawaambia kweli, niliogopa kuliko siku nyingine yoyote. Nikapiga kelele, "Mama, usikanyage chini! Akinyi, zima umeme!"

Umeme ukazimwa, giza likatanda. Mama akauliza, "Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Mkwe wako."

"Rudi. Mlete mtu mwingine."

Mtu mwingine apite wapi? Nyuma yangu ngazi imeziba, wa juu wanasukuma washuke, wa chini wanasukuma wapande, na maji yanaongezeka. Nikaingia majini, nikafika kitandani, nikampa mgongo nikachuchumaa. "Mama, nisamehe. Panda." Nikasikia mikono yake mabegani.

Nilipoinuka, suruali yangu ya kanisani ikapasuka nyuma, kutoka mkanda mpaka chini.

Tukapanda, watu wakirudi kinyumenyume, tukatokea uani mbele ya jumuiya nzima na Mjomba Ochieng amesimama na fimbo yake, mdomo wazi. Akasema, "Mshushe." Sikumshusha. Mngekuwa ninyi mngemshusha? Mama ndiye aliyekuwa ananisitiri. Mjomba akarudia, "Nimesema mshushe mama yako," na mimi nikawa nazunguka pale uani natafuta ukuta wa kuegemea, kila upande kuna watu, mpaka mama mwenyewe akauliza, "Mbona hunishushi?" Nikamnong'oneza. Akacheka, nikakisikia kicheko chake mgongoni, akafungua kanga moja ya juu akaipitisha mbele yangu. "Jifunge." Basi mwanaume mzima nikajifunga kanga ya mama mkwe hadharani, ndipo nikamshusha.

Mjomba akatangaza kwamba kesho asubuhi wanaondoka, mila imevunjwa vipande vipande, hospitali baadaye. Akinyi akaketi chini palepale uani. Mimi nikasimama na kanga yangu, nikaona kwamba kwa ajili ya sifa na kelele za pampu mama wa watu anakwenda kupofuka.

Mama akasema, "Ochieng, mkwe asingenigusa ungekuwa unaandaa mazishi. Mchinjeni mbuzi, ombeni radhi, yaishe. Mimi nalala hapa, tena chumba cha juu. Huko shimoni sirudi."

Mjomba alitazama chini, akatafuna midomo, mwishoni akauliza kama mbuzi atapatikana leo. Nilikwenda kumtafuta mwenyewe, na kanga yangu, nikiwa mwepesi kama niliyetuliwa gunia.

Upasuaji ulikwenda salama. Ghorofa ya chini nimeijaza kifusi, na naapa sitachimba tena hata shimo la kupanda mgomba bila kuuliza maji yanapita wapi, wala sitazima kitu ili wageni wanisifu. Siku bandeji ilipotolewa nilijificha nyuma ya mlango kama kawaida, mama akaniita nijitokeze. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nilidhani nilibebwa na mtu mrefu."