Nilikata Mikorosho ya Dada, Nikabakiza Mstari wa Njiani

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa, usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia mtu wa kumlaumu. Shetani hayumo, mke wangu hayumo, na shida pia haimo, maana wakati ule pesa nilikuwa nayo. Tulikuwa mimi na shoka langu tu.

Jina sitaji. Mimi ni mtu wa Naipingo, huku Nachingwea, na wanaonijua wakisoma watanijua. Basi na wanijue! Nimechoka. Hapa naandika nimesimama, daftari nimeliweka juu ya rundo la kuni, kwa sababu siku hizi nikikaa kitako dakika tano tu nainuka.

Biashara ya kuni niliianza katikati ya miaka ya tisini. Aliyenifungua macho ni mke wa mwalimu mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Nilikuwa nimepeleka mihogo sokoni, nikamsogelea kumuuzia. Akaniangalia.

"Kaka, kuni sina, mihogo yako nitaipikia nini? Nywele zangu?"

Nilicheka, lakini njia nzima kurudi nikawa nawaza. Walimu, manesi, wafanyabiashara wa kutoka mikoani, wote wale wanapika, na nani kati yao anajua njia ya porini? Wiki iliyofuata nikafunga mzigo wa kuni kwenye baiskeli. Kavu kweli kweli, nimezipasua saizi moja. Sikumaliza hata mtaa mmoja, zikaisha!

Kuni zina siri mbili, nawapa bure. Ziwe kavu, na ukisema Jumanne, Jumanne uonekane. Mimi nilikuwa mtu wa Jumanne. Mama ntilie wa stendi wakawa wangu, wachoma chapati wakawa wangu. Baiskeli moja ikawa tatu, nyasi za nyumba zikawa mabati. Watu wakaanza kuniita bosi, na mimi nikaitika.

Kisha nikampata mwenye tanuri la mikate. Huyu alitaka kuni kila siku, jua liwake, mvua inyeshe. Nikamwambia hakuna shida. Jamani, neno "hakuna shida" limeniponza!

Masika ilipoingia, pori likawa mbali na njia ikawa tope tupu. Ukizipata kuni zimelowa, na ukipita nazo barabarani bwana wa maliasili anakuuliza kibali. Mwenye tanuri akaniambia waziwazi kwamba nikikosa siku mbili anatafuta mtu mwingine. Nikarudi nyumbani sisikii chakula, nazunguka uani tu.

Sasa hapa lazima nimtaje dada yangu, Somoe. Tulizaliwa wawili. Mama alipofariki mimi sijaota hata ndevu, na Somoe ndiye aliyenipikia, akanifulia, akanipeleka jando kwa kuuza kuku wake mwenyewe. Mama alimwachia mikorosho ishirini na nane, kwa sababu waliipanda wao wawili. Kwetu mti ni wa aliyeupanda, hilo halina ubishi.

Alipoolewa Nambilanje, kule Ruangwa, akanikabidhi.

"Mdogo wangu, miti hiyo. Okota, nusu kula, nusu niletee. Mume ni mume, lakini siku nikirudi, nyumba yangu ni ile mikorosho."

Nikamwitikia, "Wasiwasi wa nini, dada? Si mimi nipo?"

Mti wa kwanza ulikuwa na tawi limekufa. Nikakata tawi. Kesho yake nikasema moyoni, hili shina nalo lina ugonjwa. Nikaliangusha. Mkorosho wa shambani mwako hakuna anayekuuliza kibali, na zile kuni, ukizipasua ukazianika chini ya bati, zinawaka vizuri. Tanuri likapata moto, na mimi nikapata usingizi. Usingizi wa siku ngapi? Tatu!

Nikakata wa pili. Wa tano. Na angalia akili ya mwizi: nilikuwa naanzia katikati. Mstari ulio kando ya njia sikuugusa. Mpita njia akitazama anaona mikorosho imesimama, kijani, mizuri, anasema ndugu yule kweli mwangalizi. Nyuma ya mstari ule ni jua tupu.

Mke wangu alijua. Alinifuata shambani akasimama ameshika kiuno.

"Utamwambia nini wifi yangu?"

"Nitapanda mingine."

"Lini?"

Nikamfokea. Nilimfokea mwanamke wa watu kwa neno la haki, kisha nikaendelea kukata. Hata visiki sikuviacha. Mkorosho ukiacha kisiki, huchipua. Mimi nikavichimba nikawauzia wachoma matofali. Ee Mola wangu, hata visiki!

Msimu wa korosho ukafika. Dada akatuma salamu na dereva wa lori: korosho zangu. Nikafanyaje? Nikazunguka kwa wenzangu, nikanunua, nikajaza gunia, nikalishona, nikalipeleka Nambilanje kama yake. Faida ya kuni zake ikanunua korosho za kumdanganyia. Nikajiona mjanja. Nikasema, sasa kosa liko wapi? Korosho si anapata?

Mwaka wa pili nikafanya vilevile. Baada ya siku chache salamu ikaja: "Mdogo wangu, korosho za mama zilikuwa kubwa. Mbona hizi ndogo? Isije kuwa miti ina ubwiriunga."

Ubwiriunga ni ule ugonjwa wa unga mweupe unaoua maua ya mkorosho. Dawa yake salfa, na salfa ni ghali. Nikamjibu ndiyo, labda ugonjwa. Nilidhani nimemaliza.

Kabla ya maua ya mwaka uliofuata, lori likashusha mfuko wa salfa mlangoni kwangu. Dereva akasema, "Dada yako ameuza mbuzi wake wote. Kasema upulizie mapema."

Nilisimama na ule mfuko nisijue pa kuupeleka. Ningeuuza? Mkono haukuweza. Ningeupeleka shambani, nipulizie nini? Nikauweka nyuma ya mlango. Mwaka mwingine ukaja mfuko wa pili. Nikauweka juu ya wa kwanza. Kila nikiingia nyumbani naupita, kila nikitoka naupita. Nikaanza kuingilia mlango wa uani ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Mara ngapi nilipanda baiskeli nikasema leo nakwenda Nambilanje kumweleza? Safari moja nilifika mpaka karibu na kwake. Nikaona watoto wake wanacheza. Nikageuza. Mimi ni mjomba wa watoto wale, na kwetu mjomba ndiye anayetegemewa.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema. Miaka ya elfu mbili ilipoanza, mumewe akamwacha. Dada hakutuma salamu safari hiyo, alikuja mwenyewe na watoto watatu na mafurushi. Mimi nilikuwa mjini napanga kuni. Mke wangu akamkaribisha ndani, na cha kwanza alichokiona ni mifuko miwili ya salfa, haijafunguliwa hata uzi.

Haya kanisimulia mke wangu. Alikunywa maji, akajifunga kanga, akaenda shambani.

Niliitwa, nikaja mbio. Nilimkuta amekaa chini, nyuma ya ule mstari wa njiani. Miti saba ilikuwa imebaki. Anatazama nafasi iliyobaki wazi.

"Korosho ulizokuwa ukiniletea zilikuwa za nani?"

"Nilinunua, dada."

"Ulinunua." Akatikisa kichwa. "Nami nikawa nawaambia wanangu, kuleni, hizi kapanda bibi yenu."

Nilipiga magoti. Nililia pale, mwanaume mzima mwenye nyumba ya bati! Nikamwambia nitakujengea, nitakulisha, nitapanda miti hamsini. Akaniacha nimalize.

"Ule mti wa kwanza, ulipoukata, kwa nini hukuniambia?"

Nikaanza kung'oa nyasi kwa vidole.

"Ungeniambia ningekutukana, halafu ningecheka. Mti mmoja, mdogo wangu! Ningekupa hata miwili. Mimi nilikuwa nakupa kila kitu."

Hakunipeleka kwa mwenyekiti. Hakunisema kwa watu. Ningemshukuru angenisema! Alijenga kibanda karibu na ile miti saba, na msimu ukifika anakwenda kuokota korosho kwenye mashamba ya wengine, kibarua, yeye na wanawe. Mimi nilipanda miche, imeota vizuri, lakini mkorosho haukui kwa kuharakishwa, na watoto wanakula leo.

Nilipompelekea kuni, mzigo mzima, zilizokauka vizuri, akasema, "Asante, wauzie wateja." Nikapeleka tena. Nikazikuta kesho yake zimewekwa kwangu mlangoni, zimepangwa vizuri.

Kwa hiyo anakwenda porini mwenyewe. Njia ya kutoka porini inapita hapa, mbele ya rundo langu. Kila alasiri dada yangu anapita na mzigo wake wa kuni kichwani, mbele ya mtu anayeuza kuni Nachingwea nzima. Na ananisalimia. Haniruki hata siku moja. Hapo ndipo miguu inapoanza kuniwasha, na biashara naiona, wateja nawaona, lakini situlii.

Wewe uliyeachiwa kitu cha mtu, nisikilize. Labda hukuiba vyote. Labda umekata mti mmoja tu, umeuza mbuzi mmoja, umehamisha mpaka hatua moja, na unajiambia utarudisha kabla hajajua. Hutarudisha! Nenda leo, wakati bado ni mmoja. Utatukanwa, na baadaye atacheka. Mimi nilisubiri mpaka nikamkosesha hata hicho kicheko.

Yule anakuja, naona mzigo kwenye kona. Ngoja niweke kalamu.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo, dada. Shikamoo."

"Marahaba."

Amepita.